Kifua Kisicho Kibaya

"Vua kanga," alisema mhudumu wa mashine ya picha, bila hata kumtazama usoni.

Mwanahalima binti Maneno, mkunga wa Msimbu, alikuwa na miaka hamsini na kitu. Kwa miaka thelathini yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wanawake wenzake wavue, walale, wavumilie. Leo alivua yeye. Chumba kilikuwa na giza na baridi, na kile kibao cha bati alichoambiwa akikumbatie kilimganda kwenye matiti. Ubavu ulikuwa ukimuuma tangu juma lililopita, alipoteleza kwenye matope akiwahi kuzalisha, akaangukia kisiki. Mganga wa dispensari ya Kisarawe aliogopa mbavu zimevunjika, akamwandikia barua aende hospitali ya mjini akapigwe picha.

"Kidevu juu. Vuta pumzi. Usipumue."

Mashine ikanguruma.

"Pumua. Sasa geuka ubavu. Mkono juu. Vuta pumzi. Usipumue."

Alidhani yamekwisha, akanyoosha mkono kuchukua kanga yake. Akaambiwa asubiri. Punde mlango ukafunguliwa, akaingia daktari Mzungu na filamu ikingali mbichi mkononi, na nyuma yake Wazungu wengine wawili, kisha vijana wanne waliokuwa wakijifunza udaktari wa daraja la chini. Wote walisimama wakatazama filamu kwenye taa, halafu wakamtazama yeye, halafu filamu tena. Hakuna aliyemwambia ajifunike. Alijikumbatia kwa mikono yake mwenyewe, akatazama ukuta, mtu mzima mwenye wajukuu kwa wadogo zake, amesimama kifua wazi mbele ya watoto wa watu kama mbuzi mnadani.

Daktari alikuwa na furaha. Mbavu za mama huyu zilikuwa nzima kabisa, lakini kando ya uti wa mgongo, nyuma ya moyo, picha ilionyesha kitu cha mviringo, ukubwa wa ndimu. Kingo zake zilikuwa laini. Hakikuwa kimeula mfupa wowote uliokigusa, na ndani yake mlikuwa na chembe nyeupe kama chokaa, dalili kwamba kilikuwa humo miaka mingi, pengine tangu utoto. Aliwaambia wenzake kwamba katika maisha yake ya kazi ameona viwili tu vya namna hiyo. Si kile kifua kikuu kinachokohoza watu damu, alisema, wala si uvimbe ule unaokua na kuua. Hakiambukizi. Hakihitaji kisu. Apigwe picha nyingine baada ya miezi sita, na kikiwa ukubwa uleule, basi aachwe nacho, atakufa kwa uzee wake.

Yote hayo aliyasema kwa Kiingereza, na yote yalikuwa maneno mema. Kazi ya kuyafikisha kwa mwenyewe ilikuwa ya karani mkalimani, kijana mmoja wa Kibaha aitwaye Lucian, mwenye viatu vinavyong'aa. Ilikuwa saa saba mchana na Lucian alikuwa na njaa.

"Mama, mbavu zako nzima," alisema. "Ila una kitu kifuani. Si kibaya. Utarudi upigwe picha baada ya miezi sita."

"Kitu gani, mwanangu?"

"Kitu tu."

"Mbona Bwana daktari amesema maneno mengi hivyo, na wewe umeniambia machache?"

"Mama, Kiingereza ndivyo kilivyo. Kirefu." Alikwisha kuchukua karatasi. Kwa desturi ya hospitali ile, mgonjwa wa kurudi aliandikiwa barua kwa jumbe wake, ili jumbe ahakikishe anarudi. Lucian aliandika haraka, akagonga muhuri, akampa. Mwanahalima alijua kusoma herufi za Kiarabu tu, zile za chuoni. Aliikunja barua ile kwa adabu, akaifunga kwenye pindo la kanga.

*

Jumbe Abdala wa Msimbu alikuwa na sifa moja aliyoipenda kuliko zote, nayo ni kwamba anasoma herufi za Kizungu. Barua ikifika kwake haisomwi kimya. Ilisomwa barazani kwake, kwa sauti ya hotuba, hata iwe ya mtu kuomba mbegu za pamba. Basi alasiri ya kesho yake, mbele ya watu kama ishirini waliokuja kwa kesi ya mipaka ya mihogo, alisimama akafungua barua ya Mwanahalima.

"Kwa Jumbe wa Msimbu," alisoma. "Mama huyu ana kifua kisicho kibaya. Hakikisha analetwa baada ya miezi sita kupigwa picha ya kifua."

Mwanahalima, aliyekuwa amekaa upande wa wanawake, alihisi jirani yake akisogea kando. Si sana. Upana wa kiganja.

"Ana kifua?" akauliza mzee mmoja.

"Ndivyo ilivyoandikwa," alisema Jumbe.

"Lakini kisicho kibaya," alisema Mwinyimadi, mume wa Mwanahalima, akiinuka nusu. Alikuwa mtu mpole, mkulima wa mikorosho, asiyezoea kusema barazani.

"Kifua kisicho kibaya!" Huyo alikuwa Zahoro, kijana mchuuzi wa samaki wakavu, aliyeoa mwaka ule na kujiona amekuwa mzee. "Kipo kifua kizuri? Maana yake hakijawa kibaya bado. Hao wa hospitali wana lugha ya kubembeleza."

"Mimi sikohoi," alisema Mwanahalima. "Mmewahi kunisikia nikikohoa? Nilianguka. Nilikwenda kwa ajili ya ubavu."

Hakuna aliyembishia, na hilo ndilo lililokuwa baya. Walimtazama kwa huruma. Kila mmoja pale alikuwa amezika mtu wa kifua, na kila mmoja alijua kwamba mgonjwa wa kifua ndiye wa mwisho kukubali.

Mimi hunijia hasira kila ninapofika hapa. Neno moja! Tumbo lina jina lake na ugonjwa wa tumbo una jina lake, lakini kwetu kifua ni kifua: ni mahali, na ni maradhi pia. Mtoto wa Kibaha aliyenyonya Kiswahili kwa mama yake alilijua hilo vizuri. Angeongeza maneno manne tu, hakina madhara wala hakiambukizi, na maisha ya mtu yangebaki yalivyo. Hakuongeza, kwa sababu wali wake ulikuwa unapoa.

*

Hawakumfukuza. Watu wa Msimbu si wakatili, na wengi wao walipokelewa na mikono yake walipozaliwa. Walimwepuka tu, kwa heshima, na kila mtu alikuwa na sababu yake nzuri.

Kisimani walimpisha ateke kwanza, "wewe mtu mzima," kisha wakangoja maji yatulie ndipo wateke wao. Kwenye arusi alipewa sahani yake peke yake, iliyojaa kuliko za wengine, na mahali pa kukaa peke yake, penye upepo. Mke wa mwalimu wa chuo alipofikia siku zake, wakamwita mkunga wa Marui, mwanamke aliyejulikana kwa kuwavuta watoto kama anang'oa muhogo. Mwanahalima alisikia habari hiyo kwa mtu aliyepita akiuza chumvi.

Nyumbani, Mwinyimadi alihamishia mkeka wake kwenye chumba cha mahindi.

"Ni joto tu, Mama Tatu," alisema. "Kule kuna upepo."

"Kule hakuna hata dirisha."

Mwinyimadi akaikuna shingo yake. "Ni tahadhari tu. Mpaka hiyo miezi sita."

"Umelala na mimi miaka ishirini na minane. Kama ni cha kukupata si kingekupata?"

Usiku huo walilala kila mtu chumbani kwake, na asubuhi alikuta mumewe ameshapika uji wake mwenyewe. Hilo lilimuuma kuliko la kisimani.

Lakini yote hayo angeyavumilia, kwa maana alikuwa akihesabu miezi ya jambo jingine. Binti yake pekee, Tatu, aliolewa Pangani ya Kibaha na sasa alikuwa na mimba ya kwanza. Desturi ilikuwa moja na kila mtu aliifuata: mimba ya kwanza, mwezi wa saba ukiingia, mwana hurudishwa kwa mama yake, akazalie mikononi mwa mama. Mwanahalima alikuwa amezalisha watoto wa nusu ya wilaya. Wa kwake mwenyewe alikuwa amemngoja kwa hamu asiyoweza kumsimulia mtu.

Mwezi wa saba uliingia. Tatu hakuletwa. Baada ya siku kumi akaja mjumbe na maneno ya mama mkwe: Tatu atazalia hukohuko, wasiwe na wasiwasi, yupo mtu wa kumwangalia.

*

Kutoka Msimbu mpaka Pangani alitembea, akapanda lori la mkaa, akatembea tena. Alifika alasiri, vumbi mpaka kwenye kope.

Mama mkwe wa Tatu aliitwa Biubwa. Alikuwa mdogo wake Jumbe Abdala, mzaliwa wa Msimbu kama Mwanahalima. Walicheza pamoja utotoni. Alimpokea uani. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa, mbali na mlango, na pembeni mwake kopo la maji, si kikombe. Kopo la maziwa lililokatwa mdomo.

"Karibu, mkwe. Za Msimbu?"

"Njema. Tatu yuko wapi?"

"Yumo ndani, anapumzika."

"Hawezi kutoka kumsalimu mama yake?"

Biubwa alikaa kwenye kigoda, hatua sita kutoka kwenye mkeka. "Mwanahalima, tusizungushane. Marehemu mume wangu alikufa kwa kifua, ndani ya nyumba hii. Wewe ulikuja mazikoni. Ulimwona alivyokuwa. Mtu mzima nimembeba mgongoni kama mtoto."

"Nilimwona. Mimi siko vile."

"Naye mwanzoni hakuwa vile."

"Daktari amesema si kibaya!"

"Si kibaya kwako. Je, kwa kichanga? Wewe ndiye unayekipulizia puani kikishindwa kulia. Pumzi yako hiyohiyo. Ungekuwa wewe ni mimi, ungekubali?"

Mwanahalima alijua jibu lake. Asingekubali. Hilo ndilo lililomwongezea hasira, kwamba Biubwa alikuwa na haki, kama barua ingekuwa ya kweli.

Dirisha la chumba cha nyuma lilifunguka kidogo, akaona uso wa binti yake, umevimba, machozi yanamtoka.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Miguu imevimba?"

"Imevimba. Na kichwa kinaniuma."

"Unaona vimulimuli machoni?"

"Mara mojamoja."

Mwanahalima akainuka. "Biubwa, huyu si wa kumwachia mtu yeyote tu. Nani atakayemzalisha?"

"Kaa chini, mkwe. Tafadhali. Usisogee dirishani."

Alisimama pale katikati ya ua. Hakusogea. Alipoaga na kutoka nje ya uzio, alisikia nyuma yake kopo likitupwa shimoni, ingawa hakuwa amelinywea.

*

Kutoka Pangani hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja mjini, akalala kwa ndugu, na asubuhi alikuwa kwenye benchi la hospitali kabla mfagizi hajafika.

"Miezi sita haijatimia," alisema Lucian alipomwona. "Bado mwezi."

"Nipigeni leo."

"Mama, kuna utaratibu."

"Basi nitakaa hapa mlangoni kwako nikitema mate sakafuni, na kila atakayepita nitamwambia nina kifua, wewe ndiye uliyeniandikia."

Akapigwa. Kidevu juu, vuta pumzi, usipumue. Safari hii alikataa kuvua mpaka wale vijana watoke, na walitoka. Daktari aliweka filamu mbili kwenye taa, ya zamani na mpya, akachukua rula ndogo, akapima ya kwanza, akapima ya pili. Hakikuwa kimeongezeka hata unywele. Ukubwa uleule, umbo lilelile, mfupa uleule mzima. Alimgeukia mgonjwa wake akitabasamu na kusema maneno mengi.

"Anasemaje?" Mwanahalima alimuuliza Lucian. "Na usinipunguzie hata moja."

Kwa mara ya kwanza Lucian akafasiri kama inavyotakiwa. Ni kinyama cha mviringo. Kimekaa karibu na mgongo. Pengine alizaliwa nacho. Hakikui, hakiambukizi, hakiui, si ule ugonjwa wa kukohoa damu.

Mwanahalima alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kulia, akiwa amesimama wima, hata hajifuti.

"Kwa hiyo tangu siku ile mlijua."

"Daktari alijua, ndiyo."

"Na wewe ulijua."

"Mimi niliandika alivyosema. Kitu kilikuwa kifuani, nikaandika kifua. Kosa langu liko wapi?"

"Kosa lako liko wapi! Mume wangu analala na mahindi! Mwanangu anavimba miguu, sina ruhusa ya kumgusa! Ukiandikiwa mama yako 'ana kifua' utaelewa nini wewe?"

Daktari aliuliza kuna nini. Lucian akamjibu kwa maneno mawili matatu, na daktari akatikisa kichwa kwa upole, kama watu wanavyofanya kwa mtu aliyezidiwa na furaha. Kisha akaandika barua ndefu kwa Kiingereza, ukurasa mzima, akaitia sahihi. Barua nzuri, yenye kila kitu. Msimbu nzima hapakuwa na mtu wa kuisoma.

"Nataka ile picha," alisema Mwanahalima. "Niwaonyeshe kwa macho yao."

"Picha ni mali ya Serikali."

"Mwili wangu, picha ya Serikali?"

"Mama, daktari ataituma Ulaya wakaione wenzake. Ni kitu adimu. Utaiharibu bure."

"Basi niandikie ya Kiswahili. Ya Jumbe. Na leo nakutajia mimi mwenyewe, usitie lako." Alijifuta uso kwa kanga. "Andika: Mwanahalima binti Maneno hana kifua. Basi. Herufi kubwa."

Kalamu ya Lucian ilisimama hewani. Alikuwa amelisikia lile neno, na safari hii alilisikia vizuri sana, lote, pande zake zote. Alijua kazi ya mama huyu. Imeandikwa kwenye faili lake. Angeweza kusema, mama, hebu tuliandike vingine. Alimtazama mwanamke huyu aliyemfokea mbele ya bwana wake, pembe ya mdomo ikamcheza.

"Kama unavyotaka, mama," alisema, akaandika kwa herufi kubwa, akagonga mihuri miwili.

*

Ijumaa baada ya sala watu walijaa barazani kwa Jumbe. Mwanahalima mwenyewe alikuwa ametuma watu wawaite, na kwa kuwa Jumbe ni kaka yake, Biubwa alikuja pia, amekaa mbele na mtandio wake wa safari. Tatu alikuwa ameingia mwezi wa nane. Habari zilikuwa kwamba sasa hata viatu havimwingii.

Jumbe Abdala alisimama, akakohoa kidogo, akasoma kwa sauti yake ya hotuba.

"Kwa Jumbe wa Msimbu. MWANAHALIMA BINTI MANENO HANA KIFUA."

Watu walitazamana. Mzee mmoja alianza kusema alhamdulillahi. Kisha kutoka nyuma, Zahoro akapiga kicheko.

"Mkunga hana kifua! Na Serikali imegonga muhuri! Jamani, tumekwisha, siri zetu zote nje!"

Baraza zima likaripuka. Hata wazee waliinamisha vichwa, mabega yakiwatikisika. Jumbe alijizuia, akashindwa, akajifunika mdomo kwa barua yenyewe. Ni mzaha rahisi mno, kila msemaji wa Kiswahili angeucheka: mtu mwenye kifua ndiye anayetunza siri, na asiye nacho hata mumewe hamwambii kitu. Katika kazi zote duniani, mkunga ndiye wa mwisho kuambiwa hivyo. Mwinyimadi peke yake hakucheka. Alikuwa akitazama chini, amejikunja.

Mwanahalima alisimama. Alikuwa amekuja na furaha, maskini, amevaa kanga mpya. Alingoja kicheko kipungue. Hakikupungua. Ndipo kitu kikapanda ndani yake, si kile kinyama cha daktari, kitu kingine.

"Chekeni," alisema. "Chekeni mshibe. Miezi mitano mlisema nina kifua, mkanitupia kopo. Leo Serikali imesema sina, mnacheka. Haya. Barua ni ya Serikali, na mimi ni raia mtiifu. Kama imeandikwa sina kifua, basi sina."

Alitazama upande wa wanaume, mmoja mmoja, kisha wanawake.

"Miaka thelathini nimeingia nyumba zenu. Nimeona aliyezaliwa kabla ya miezi yake ilhali ana kucha ndefu. Nimeona watoto waliofanana na watu wasiofaa kufanana nao. Nimeona vilivyozikwa bila kuambiwa mtu. Nimesikia mwanamke akitaja jina katika uchungu, na halikuwa la mumewe. Sina kifua. Nianze na nani?"

Hakuna aliyecheka tena. Kuku mmoja alipita katikati ya baraza, akafika upande wa pili bila mtu kumfukuza.

"Nianze na Jumbe?"

Jumbe Abdala alikaa chini polepole.

"Au nianze na wageni wetu?" Akageuka. "Biubwa. Ulikuja kuzalia hapa Msimbu mimba yako ya kwanza, kwa desturi ileile uliyonikatalia. Mama yako alikuwa amekwenda kuchemsha maji. Chumbani tulikuwa wawili. Unakumbuka uliniambia nini?"

Biubwa aligeuka rangi. Alichomwambia siku ile mimi nakijua, na sitakiandika hapa. Nina kifua changu mimi. Kinachotosha ni kwamba Twalibu, mwanawe, mume wa Tatu, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama yake.

"Mwanahalima," alisema Biubwa. "Yatosha."

"Yatosha nini?"

"Tatu ataletwa kesho. Kesho asubuhi. Tutakodi gari."

"Leo."

"Leo," alisema Biubwa.

*

Tatu alijifungua baada ya siku kumi na moja, saa nne asubuhi, mtoto wa kike. Ilikuwa kazi ngumu. Alipata kifafa mara moja, na mama yake alimlaza ubavu, akamwekea kitambaa katikati ya meno, akamtuma Mwinyimadi mbio mpaka Kisarawe kumleta mganga wa dispensari na sindano. Mtoto alitoka kimya, na Mwanahalima alimpulizia puani, mara nne, tano, kwa pumzi yake hiyohiyo, mpaka akalia.

Baadaye, Tatu akiwa amelala na mtoto ubavuni, alimtazama mama yake akifua vitambaa.

"Mama. Siku ile ungesema kweli?"

Mwanahalima alikamua kitambaa, akakikamua tena ingawa maji yalikuwa yameshakwisha.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa na hasira. Sijui."

Hakuwahi kusema lolote, siku ile wala baadaye. Hakuna neno hata moja la chumba cha uzazi lililotoka mdomoni mwake. Lakini alikuwa ameonyesha kwamba lingeweza kutoka, na hilo lilitosha. Kisimani hawakumpisha tena kwa ajili ya kikohozi. Waliacha mazungumzo alipofika. Mwinyimadi alirudi na mkeka wake chumbani, akawa mwangalifu na maneno yake. Mwaka uliofuata alipigwa picha ya tatu, kinyama kilikuwa vilevile, na alipoleta barua Jumbe aliipokea, akaiweka chini ya sahani, akasema ataisoma siku nyingine.

Mkunga sasa alikuwa yule wa Marui.

Halafu siku moja ya masika, mchana, mto ukiwa umejaa na mkunga wa Marui amezuiwa ng'ambo, Mwanajuma, mke wa Zahoro, alishikwa na uchungu. Sauti yake ilisikika nyumba nne. Mwanahalima alikuwa ameshajifunga kanga na kusimama mlangoni, kwa sababu alijua sauti ile, ilikuwa ya mtoto aliyelala vibaya. Alingoja aitwe. Alingoja mpaka miguu ikamuuma.

Zahoro alikuja mbio, mvua imemlowesha. Mikononi alikuwa na kitu kilichofungwa kitambaa.

"Shikamoo mama. Njoo, mama, nakuomba. Anakufa."

"Marahaba. Twende."

Hakusogea. Zahoro alikuwa ameziba njia.

"Lakini uniapie kwanza," alisema, akafungua kitambaa. Ulikuwa msahafu. "Kwamba utakachokiona na utakachosikia hutakisema. Unisamehe, mama. Wazee ndio walioniambia."

Ng'ambo ya uzio Mwanajuma alipiga ukelele mwingine, mfupi kuliko wa kwanza. Mwanahalima alimtazama kijana huyu, aliyempokea yeye mwenyewe alipozaliwa, aliyemkata kitovu na kumfunga. Alitaka kumpiga kofi. Alitaka kumwambia amrudishe mkewe alikomtoa. Miaka thelathini hakuna mtu aliyewahi kumwapisha, hata mke wa Liwali.

Alinawa mikono kwa maji ya mvua yaliyokuwa yakidondoka kwenye makuti, akauweka mkono wa kuume juu ya msahafu, akaapa. Machozi ya hasira yalimtiririka mpaka kidevuni. Aliapa mara tatu, kwa sababu Zahoro alisema mbili za kwanza hakuzisikia vizuri kwa mvua. Kisha akampita, akaenda kuzalisha.